Kujitolea ukiwa chuoni Nairobi bila kuangusha karatasi ya mtihani

Kama unasoma Nairobi na unatafuta mahali pa kujitolea, usianze kwa kujiuliza moyo wako unapenda nini. Jiulize matatu unayopanda kila siku inapita wapi. Najua jibu hilo halina utamu, lakini nivumilie. Moyo wa mwanafunzi hupenda kila kitu wiki ya kwanza ya muhula, wakati hakuna CAT (ile mitihani midogo ya katikati ya muhula), pesa za HELB, mkopo wa serikali kwa wanafunzi, zimeingia na mvua haijaanza. Wiki ya tisa ndipo hujulikana nani bado anafika na nani anaandika kwenye kikundi cha WhatsApp, "Samahanini jamani, leo sitaweza."

Mimi nasomea upimaji ardhi, mwaka wa tatu, katika chuo kilicho upande wa barabara ya Haile Selassie. Kwetu ni Buruburu. Matatu za 58 hupita Jogoo Road, na mtaa wa Kaloleni uko hapo hapo kando ya Jogoo Road, ukishapita City Stadium ukitoka mjini. Jumamosi asubuhi nashuka hapo kusaidia watoto kusoma kwa sauti, Kiswahili na Kiingereza, kuanzia saa tatu hadi saa sita.

Kabla ya hapo nilikuwa nimealikwa kwenye kazi nzuri zaidi ukiniuliza mimi, kupanda miti na kusafisha vijia huko msitu wa Karura. Nikapiga hesabu. Buruburu hadi mjini, mjini hadi Kiambu Road, halafu kurudi vivyo hivyo. Muda wa barabarani ulizidi muda wa kazi yenyewe, na nauli ni mara nne. Isitoshe, miti hupandwa wakati wa mvua, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Hata ile sikukuu ya kupanda miti ambayo serikali ilitangaza mwaka 2023 ilikuwa Novemba 13. Sasa fungua ratiba ya chuo chako uone Aprili na Novemba kuna nini. Nikakataa kwa heshima.

Na kwa kuwa nimetaja nauli, tuimalize hapo: kujitolea kuna gharama. Mvua ikinyesha nauli hupanda, na makanga hana habari kwamba unaenda kufundisha watoto wa wenyewe. Kabla hujakubali kazi yoyote, tenga nauli ya muhula mzima, kisha uone kama bado unaitaka. Mahali ambapo unaweza kutembea kwa miguu siku mfuko ukiwa mkavu panafaa kuliko mahali pa sifa. Kutoka Muthurwa hadi Kaloleni natembea kwa Landhies Road, na nimefanya hivyo mara nyingi tu mwisho wa mwezi.

Swali moja la kumuuliza mratibu

Uliza saa ya kuanza na ya kuisha, ndiyo. Uliza kama kuna chai. Lakini swali linaloamua mambo ni hili: "Nisipokuja, nani atashika nafasi yangu?"

Sikiliza jibu vizuri. Ukiambiwa jina la mtu, au ukiambiwa "huwa tunakuwa wawili kila meza," hapo panakaa vizuri. Ukiambiwa "aah, wewe ndiye tunakutegemea, bila wewe hatuwezi," shukuru, aga, utafute kwingine. Najua maneno hayo yanavyopendeza masikioni ukiwa na miaka kumi na tisa. Lakini mahali panapomtegemea mwanafunzi mmoja patakwama wiki ya mtihani, na watakaoumia ni watoto waliokuja wakakuta mlango umefungwa. Utajiona msaliti, utaenda hata siku ambayo hukupaswa kwenda, na karatasi utairudia mwaka ujao kwa pesa zako.

Sisi Kaloleni tuko wawili kwa kila meza. Mwenzangu anasomea uuguzi katika chuo kingine. Zamu zake za wodini haziingiliani na kambi zetu za upimaji, na tulihakikisha hivyo kwa kuweka ratiba zetu mbili juu ya meza moja kabla ya kukubali kushirikiana. Ukipewa nafasi ya kuchagua mwenzako, usimchague rafiki yako wa darasani. Rafiki wa darasani ana CAT siku ileile uliyo nayo wewe.

Ahadi iandikwe, tena iwe ndogo

Ratiba ya muhula ikitoka, mimi hutuma ujumbe mmoja kwa mratibu wetu, mama mmoja mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mwalimu. Huwa hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Ratiba yetu imetoka. Nitakuwepo kila Jumamosi saa tatu hadi saa sita, isipokuwa Jumamosi za CAT na za mtihani, tarehe nimeziweka hapa chini. Mwenzangu wa mezani amekubali kushika siku hizo. Siku za katikati ya wiki sitaweza. Asante sana."

Sentensi ya mwisho kabla ya asante ndiyo watu huogopa kuandika. Iandike. Usipoiandika, Jumatano utaombwa upeleke vitabu mahali, Alhamisi utaombwa utengeneze bango kwa sababu "nyinyi vijana mnajua tarakilishi," na huwezi kukataa kwa sababu hukusema. Ukisema mapema unahesabiwa mtu mwenye mpango. Ukikataa siku yenyewe, hata kama una sababu, unaonekana mtu wa visingizio.

Kuhusu udogo wa ahadi: wako wanaodhani saa moja au tatu kwa wiki ni aibu. Basi waangalie ile Tuzo ya Rais, ambayo vijana wa Kenya wenye umri wa miaka 14 hadi 24 wamekuwa wakiifanya tangu 1966. Sehemu yake ya huduma kwa jamii, katika kiwango cha kwanza, cha shaba, huhesabu kama saa moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Saa moja! Kinachoangaliwa ni kama wiki ya kumi bado uko. Kwa wanafunzi wa sekondari wanaosoma hii, hasa wa shule za kutwa, anzeni na hiyo kama shule yenu inayo. Ina daftari, ina mwalimu wa kusimamia, na mzazi haogopi jambo ambalo shule inalijua. Kidato cha nne muhula wa tatu, acheni kabisa. Jamii itawasubiri.

Kalenda mbili kwenye karatasi moja

Kosa nililoliona kwa wengi ni kujua kalenda ya chuo tu. Watoto wa shule wana mihula mitatu, wanafunga Aprili, Agosti, halafu kuanzia mwisho wa Oktoba au Novemba hadi mwaka mpya. Chuo kina mihula yake ya wiki kumi na tano au zaidi kidogo, CAT zikija katikati na mtihani mwishoni. Zichore zote mbili kwenye karatasi moja. Utaona mambo mawili mara moja. La kwanza, wakati ambao watoto wanakuhitaji zaidi, likizo ya Aprili na Novemba, huenda ndio wakati unaobanwa zaidi. La pili, kuna wiki ambazo nyote mko huru, na hizo ndizo za kuahidi kitu kikubwa, kama ile wiki ya kusoma hadithi tunayoifanya Agosti.

Vyuo vingi hapa huweka alama 30 kwenye CAT na 70 kwenye mtihani wa mwisho. Watu hudharau hizo 30. Ukiingia chumba cha mtihani na 24, unahitaji 16 tu kufika arobaini ya kupita, na unafanya karatasi ukiwa umetulia. Ukiingia na 9, hesabu ni nyingine. Na hakuna mhadhiri atakayekupa CAT ya peke yako kwa sababu ulikuwa unagawa unga. Atakuuliza barua ya daktari. Kwa hivyo wiki ya CAT huendi, hata kama unajisikia umejiandaa, hata kama Mwalimu anatabasamu vipi.

Halafu kuna jambo la Nairobi hasa: mhadhara wa fidia. Mhadhiri amekosa Jumatano, sasa anataka darasa Jumamosi saa tatu asubuhi, na anatangaza Ijumaa jioni. Mhadhara unashinda, hilo halina mjadala, maana usipofikisha mahudhurio unaweza kuzuiwa mtihani. Lakini zungumza na kiongozi wa darasa mapema, mwanzoni mwa muhula, mwambie mihadhara ya fidia ikiwezekana iwe Jumamosi mchana. Utashangaa ni wangapi darasani wanaotaka hivyo hivyo: wenye kazi za kibarua, Waadventista wanaoshika Sabato (hao hata mchana haiwasaidii, mwambie kiongozi apendekeze jioni za wiki), wenye kulala tu.

Saa tatu za Jumamosi hulipwa wapi

Uwanjani sisi wapima ardhi tunapozunguka na vipimo hadi kurudi tulikoanzia, hesabu haifungi sawasawa. Hubaki kosa dogo. Kosa hilo hatulirundiki lote kwenye mstari wa mwisho. Tunaligawa kwa mistari yote, kila mmoja kulingana na urefu wake, mrefu unabeba zaidi, mfupi kidogo. Na mimi nagawa wiki yangu hivyo. Jumamosi imechukua saa tatu na nauli. Mwanafunzi wa kawaida huzirundika zote Jumapili usiku, kisha umeme unapotea au usingizi unamshinda. Mimi Jumanne nina mhadhara mmoja tu, kwa hivyo Jumanne inabeba karibu saa mbili. Jumatatu inabeba kidogo. Alhamisi niko maabara hadi jioni, Alhamisi haibebi kitu na sijidanganyi.

Hizo saa za Jumanne huzisomea maktaba, si nyumbani. Maktaba ya McMillan iko Banda Street, karibu na msikiti wa Jamia, jengo la mwaka 1931 lenye simba wawili wa mawe mlangoni, na kutoka chuoni kwetu ni mwendo wa miguu. Ina matawi mawili Eastlands, Kaloleni na Makadara. Nyumbani kwetu kuna televisheni, kuna mdogo wangu, na kuna mama akisema "kwa kuwa umekaa tu, nichambulie mboga."

Kwenye matatu sisomi. Watu hushauri usome kwenye matatu, na nadhani hawajawahi kupanda ya Buruburu yenye muziki. Matatu ni ya kujibu ujumbe. Kikundi chetu cha kujitolea nimekinyamazisha, nakifungua nikiwa nimekaa kwenye kiti nikirudi nyumbani, najibu yote, nafunga. Kikundi cha WhatsApp kinaweza kukula muda kuliko kazi yenyewe: nani analeta mkate, picha za jana, salamu za asubuhi zenye maua.

Mwizi mwingine wa muda ni maandalizi. Kuna wenzetu hukesha Ijumaa wakikata kadi za rangi na kuchora wanyama. Ni vizuri, lakini angalia kazi yenyewe inataka nini. Jumamosi moja nilikuwa na kijana wa Gredi ya Nne aliyekuwa akisoma kwa kufuata maneno na ncha ya penseli. Akafika kwenye "aling'ang'ania." Penseli ikasimama. Akajaribu "alin-ga," akarudi, akajaribu tena, akaniangalia. Nikanyamaza. Akagawanya neno kwa mistari midogo ya penseli, ali, ng'a, ng'a, nia, akalisoma polepole, kisha akalisoma haraka, kisha akarudia sentensi yote kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Hapo hakukuhitajika kadi. Kulihitajika mtu mzima mmoja asiye na haraka, na mtu huyo hapatikani kama Ijumaa alilala saa nane usiku. Kwa hivyo kanuni yangu: kazi ya Kaloleni haivuki Jogoo Road. Ninachohitaji kiko kwenye kabati la kule kule.

Jumamosi mchana nikitoka nakula chapati na madondo, naenda nyumbani, nalala. Vitabu ni jioni. Usijipangie kusoma saa saba mchana baada ya kukaa na watoto ishirini, hutasoma.

Ikitokea dharura

Hapa ndipo mipango yote huvurugika, na sitakuambia usijali. Mwisho wa Aprili 2024, nikiwa mwaka wa kwanza, mafuriko yalibomoa nyumba kandokando ya mto Mathare, watu wakalala kwenye shule na kumbi. Shule zenyewe zilichelewa kufunguliwa hadi Mei 13. Kila mtu niliyemjua alikuwa akikusanya nguo na unga.

Nilichojifunza kwa kuangalia: siku za mwanzo mikono ni mingi hata watu wanagongana. Magari ya msaada yanakuja, kamera zinakuja, nguo zinarundikana hadi dari. Wiki ya tatu kamera zimeondoka, wanafunzi wamerudi chuoni, na bado kuna mama anayehitaji mtu wa kumsaidia kuandika barua kwa sababu vitambulisho vilienda na maji. Kama una CAT wiki ya dharura, changa unachoweza, nguo au shilingi mia kwa M-Pesa, fanya CAT yako, kisha nenda wiki ya tatu. Mimi nilienda wakati huo kwenye ukumbi wa kanisa mtaani kwetu, tukawa wanne tu tukichagua nguo za watoto kwa umri.

Kama unajiona ni mtu wa dharura kwelikweli, jifunze huduma ya kwanza likizoni, kabla ya dharura. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambalo lipo kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1965, na St John Ambulance hutoa mafunzo hayo. Mtu asiye na mafunzo kwenye eneo la mkasa ni mtu wa ziada wa kulindwa.

Na kuna kuchangia damu, ambako ni kujitolea kwa mtu asiye na muda kabisa. Wakija chuoni, ukiwa na kilo 50 na zaidi na afya njema, utatoa mililita 450 na utarudi darasani. Mwanamume anaweza kutoa tena baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Usitoe mkesha wa mtihani tu. Kunywa maji, kula, ulale mapema siku hiyo.

Nyumbani, na makaratasi

Mama yangu aliniuliza swali ambalo mama wote wa Nairobi huuliza: "Huko Kaloleni wanakulipa?" Nikasema hapana, mama. "Wanakupa chakula?" Chai. Akaniangalia. "Na karo nani analipa?" Sikubishana. Mwisho wa muhula nilimpelekea matokeo, nikamwonyesha kwamba hakuna karatasi ya kurudia. Tangu hapo Jumamosi ananiamsha yeye. Kama matokeo yako yameteremka, usimhubirie mzazi juu ya huduma kwa jamii, maana yeye ndiye jamii ya kwanza inayokugharimia. Punguza, urudi muhula ujao.

Makaratasi nayapitia haraka. Ukifanya kazi na watoto utaombwa cheti cha polisi cha tabia njema. Unaomba kupitia eCitizen, kisha unapeleka alama za vidole. Fanya hivyo likizoni, kwa sababu foleni haijui una mhadhara. Weka daftari la tarehe, saa na ulichofanya, lisainiwe kila mwezi. Usingoje mwaka uishe ndipo umtafute mtu wa kusaini. Na usidhani saa hizo zitahesabiwa kama mafunzo yako ya nyanjani. Mimi nilimuuliza mhadhiri wangu akasema hapana, kusoma hadithi si upimaji, na ana haki. Lakini uliza idara yako. Wanaosomea ualimu au kazi za jamii huenda wakapata jibu tofauti, mradi waulize kabla.

Utafika wakati wa kuondoka. Mafunzo ya nyanjani yatakupeleka Kitui au Naivasha, au mwaka wa nne utakuja na mradi wake. Toa notisi ya mwezi mmoja, umlete mtu wa kuchukua nafasi yako, ukae naye meza moja angalau Jumamosi mbili. Mwandikie kwenye daftari kila mtoto amefika kitabu gani, nani anasoma haraka lakini haelewi, nani hasemi hadi azoee, nani lazima aketi mbali na nani. Mwonyeshe kabati na jinsi kufuli lake linavyokwama. Kisha toka kwenye kile kikundi cha WhatsApp usiku huohuo, la sivyo utaulizwa kalamu ziko wapi hadi siku ya mahafali yako.